Dawa Zilizolala kwa Majirani

Jumatatu, 24 Februari

Masomo yamerudi. Tuliobaki hatujazi hata benchi mbili za mbele, na leo mvua imepiga bati kiasi kwamba profesa aliongea na sisi tukabaki kuangalia mdomo wake. Ni Profesa Birindwa wa Bukavu. Amevuka ziwa kwa boti kuja kutumalizia kozi ya usimamizi wa dawa, ambayo bila hiyo shahada yangu ya pili itabaki hadithi. Alichora gurudumu ubaoni: kuchagua dawa, kukadiria kiasi, kununua, kuhifadhi, kugawa, halafu unarudi kuchagua. Alisema hakuna dawa isiyopita humo.

Niliinua mkono nikamuuliza famasi iliyovunjwa inaanzia wapi kwenye gurudumu. Alikuna kidevu akasema nianzie kukadiria. Nikakaa. Nikadirie nini, wakati famasi ninayofanyia kazi haina hata chupa ya spiriti?

Niandike vizuri, maana kichwa changu siku hizi hakishiki kitu. Famasi ni ya Mama Marcelline, mjane wa kutoka Butembo, na iko Birere, kwenye kichochoro cha wachomelea vyuma. Mimi ndiye mfamasia wake. Mbele ya sheria, kila kidonge kinachouzwa pale kinauzwa kwa jina langu. Siku zile za risasi mwishoni mwa Januari nilijifungia Himbi kwa kaka yangu, Mama Marcelline akajificha kwa dada yake. Tuliporudi tulikuta mlango umekatwa na ndani hakuna kitu. Hata rafu walibeba. Hata kalenda ya parokia.

Jumanne, 25 Februari

Mvua. Mama Marcelline amefagia duka tupu asubuhi, akalifagia tena jioni.

Alhamisi, 27 Februari

Leo Papa Damascène, mchomelea vyuma wa jirani, ameingia na katoni begani. Aliiweka chini taratibu, akavua kofia.

"Mama Marcelline, hii ni yenu. Tuliilalia. Hakuna hata kitu kimoja chenye kilitoka."

Ndani mlikuwa na dawa zetu za malaria, zile zile, na karatasi yenye mwandiko wangu ingali imebandikwa ubavuni. Mama Marcelline alishika ukingo wa meza. Akauliza amezinunua wapi, kwa nani, katika soko gani la wezi.

"Kununua?" Papa Damascène alicheka. "Ni mimi nilikata kadenasi ya mulango wenu. Ule mulango niliutengeneza mwenyewe, najua kwenye unafungukia. Tuliona banavunja depo ya dawa ya kule juu, tukasema sasa banakuja huku. Tukatosha dawa zote inje, tukagawanya, kila nyumba katoni yake. Kama banaingia kwangu, bakose za kwa Mama Kahindo. Bezi balikuta tu mbao za rafu, bakabeba ile."

Kwa hiyo hatukuibiwa. Kwa hiyo waliotuvunjia ndio waliotuokoa, na mwezi mzima nimekuwa nikiwatazama majirani hawa kwa jicho la pembeni, nikijiuliza ni nani kati yao anayemeza vidonge vyangu. Sijui niweke wapi uso.

Jumamosi, 1 Machi

Katoni zimekuja kutwa nzima. Kila mtu alikuja na yake na hadithi yake, na hakuna aliyekubali kuondoka kabla haijasikilizwa mpaka mwisho. Mama Kahindo, muuza makala, yaani makaa ya kupikia, alizitoa dawa kwenye boksi zao kwa sababu boksi zinakula nafasi, akazizika ndani ya gunia la maharage; nilichambua maharage hadi vidole vikanuka. Papa Damascène mwenyewe aliweka zake juu ya dari, chini ya bati. "Pale juu hakuna mutu anaangaliaka," alisema.

Wa mwisho alikuwa Muzee Kasereka. Yeye aliweka katoni yake kwenye tangi la maji lililokuwa kavu. Halafu mvua ikanyesha. Alipokumbuka, maji ya tangi yalikuwa yamefika magotini.

"Lakini usiogope, Docta," aliniambia akinipigapiga bega. "Muke wangu alizianika. Siku mbili nzima, juu ya mukeka, pamoja na mihogo. Zilikauka vizuri sana."

Nikasema aksanti, Muzee. Nifanye nini kingine? Mtu amekaa na katoni yako chumbani mwake wakati askari wanapita mlangoni, anakurudishia kila kitu, na unga kidogo wa mihogo juu yake. Mama Marcelline alilia, akaagiza soda, tukakaa wote juu ya vistuli vya wachomelea. Nilifurahi leo. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 3 Machi

Fundi ameleta rafu mpya. Mbao mbichi, zinanuka utomvu.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Misa asubuhi, kisha darasani, wote tukiwa na msalaba mweusi usoni, pamoja na profesa.

Somo la leo: dawa zinazorudishwa. Ilikuwa kama mtu amemwendea akamweleza habari zangu. Alisema dawa inapotoka mikononi mwa mfamasia na kwenda mahali asipopajua, haihesabiwi tena kuwa dawa. Joto linaila, unyevu unaila, na kwa nje haibadiliki hata kidogo. Ikirudi, hairudi kwenye rafu. Inatengwa, inachomwa.

Nikauliza, kama mfano tu, itakuwaje ikiwa majirani waliificha ili isiibiwe, na wakairudisha yote bila kupunguza.

"Inachomwa."

"Hata kama ndiyo mtaji wote wa mwenye duka?"

Aliweka chaki chini. "Joviale, unaniuliza kama mfamasia ao kama jirani?"

Darasa likacheka. Nilitafuta jibu kwa dhati nikalikosa. Nimerudi nyumbani kwa mguu mpaka majivu yakaoshwa na mvua.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia Mama Marcelline. Aliendelea kupanga chupa za dawa ya kikohozi, hakugeuka.

"Nichome nini?"

"Zilizorudi, Mama."

"Hii iko na tarehe ya mwaka kesho. Soma. Ni wewe njo unaniambiaka tusiuze yenye tarehe imepita. Sasa hii haijapita, unasema tena nichome?"

"Tarehe ni ya dawa iliyokaa pazuri."

"Ilikaa pazuri. Ilikaa kwa batu benye bananipenda." Ndipo akageuka. "Joviale, binti yangu, hawa balilala na dawa yangu chini ya risasi. Kesho banapita hapa na kuona rafu tupu. Nitabaambia nini? Kwamba shule yako imekataa?"

Hapo alinishika, kwa sababu ndivyo ilivyo, shule yangu imekataa, na mimi sina hakika kama nimekataa. Tulipatana nusu nusu kama watu wanaogombea blanketi: za Muzee Kasereka zimetengwa nyuma, naye ataambiwa ni akiba. Nyingine zimepanda kwenye rafu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeulizia mahali pa kupima dawa kama bado ina nguvu. Maabara ninayoijua iko Kinshasa. Uwanja wa ndege umefungwa. Nimechukua kidonge kutoka katoni ya darini, nikakivunja, nikakinusa, nikakilamba ncha. Ni kichungu, kama kinavyopaswa kuwa. Mwaka wa pili wa masomo ya juu, na chombo changu cha kupimia ni ulimi.

Ijumaa, 14 Machi

Wateja wengi. Umeme hakuna. Tumeuza, na mimi pia nimeuza, za kwenye maharage na za darini. Watu walilipa, wakashukuru, wakaenda, na hakuna aliyerudi kulalamika.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Mtihani mdogo kuhusu gurudumu. Nimepata alama nzuri, sijui kwa nini.

Jumatatu, 24 Machi

Ange, binti mdogo wa Papa Damascène, ana homa. Mama yake, Dorine, alimleta mgongoni. Nilimtoboa kidole, kipimo kikaonyesha malaria, nikageuka kwenye rafu. Dawa za watoto za malaria tulizo nazo ni zile tu alizozificha baba yake. Papa Damascène alikuwa amesimama mlangoni na miwani yake ya kuchomelea juu ya paji la uso.

"Kumbe nilikuwa nafichia mutoto wangu," alisema, na aliona fahari, niliiona.

Nikampa Dorine. Nikamweleza: asubuhi na jioni, siku tatu, na chakula chenye mafuta kidogo.

Alhamisi, 27 Machi

Ange bado ana joto. Nimesema tungoje hadi kesho.

Ijumaa, 28 Machi

Sikupaswa kusema tungoje.

Dorine alikuja mbio saa ya misa ya asubuhi, mtoto akiwa amelegea, macho nusu wazi, akitetemeka mkono mmoja. Nilifunga duka bila kumwuliza Mama Marcelline, tukapanda pikipiki moja sisi watatu hadi kituo cha afya, tope likiturukia mpaka kifuani. Muuguzi alimpa sindano ya malaria kali na maji ya mshipa. Akauliza mtoto amekunywa dawa gani. Nikaitaja. Akauliza ilitoka wapi. Nikasema kwangu.

Tulikaa kwenye benchi. Papa Damascène alifika na vyuma vya kazi bado mkononi, hajui aviweke wapi, akavishika hivyo hivyo kutwa. Nilihesabu kichwani vyote nilivyojifunza: bati, jua la mchana, mwezi mzima, dari isiyo na hewa. Halafu nikahesabu upande wa pili: labda mtoto alitapika, labda malaria ilikuwa imeshakolea kabla hajaletwa, labda hata dawa iliyotoka kiwandani jana isingeweza. Pande zote mbili zilikuwa na uzito ule ule.

Mchana Dorine alinivuta pembeni, karibu na bomba. Alikuwa analia kwa sauti ndogo ili mumewe asisikie.

"Docta, nilimupatia nusu. Kila mara nusu. Mudogo wake pia alianza kupata moto mu mwili, nikasema bagawanye."

Nilimshika mikono. Na moyoni, Mungu anisamehe, nilipata raha. Nilisema, kumbe ni hivyo. Kumbe si dawa.

Halafu nikakumbuka kwamba nusu ya dawa nzima na nzima ya dawa iliyokufa nusu zinafanana kabisa, na raha ikanitoka.

Jumapili, 30 Machi

Ange ameketi. Amekula uji, akaomba sukari. Mdogo wake amepona kwa ile nusu tu, jambo linalonichanganya zaidi.

Jumatano, 2 Aprili

Nilimwambia Mama Marcelline habari ya nusu, na nilimwomba asiitoe nje. Uso wake ulifunguka.

"Unaona. Ni mama wa mutoto, si dawa. Tuendelee na kazi."

Nilitaka kuendelea na kazi. Lakini mchana nilimngoja profesa nje ya darasa, nikamweleza yote, safari hii bila kusema ni mfano. Alisikiliza akiwa amesimama chini ya mwavuli, na mimi nje yake.

Nikamuuliza kama kuna njia ya kujua. Mtoto alipimwa tena kituoni na kipimo bado kilionyesha malaria. Je, hilo halisemi kitu?

"Kile kipimo kinabaki na alama hata mgonjwa akipona. Unajua."

"Najua. Kwa hiyo hatutajua?"

"Hautajua." Akanisogeza chini ya mwavuli. "Mimi pia sijui, Joviale. Kama ningekuwa najua kwamba zimeharibika, ningekuambia uchome. Kama ningekuwa najua ni nzima, ningekuambia uuze. Tunachoma kwa sababu hatujui. Somo lote ni hilo, gurudumu ni la kupitia mitihani."

Nimemchukia jioni yote kwa kusema hivyo. Miaka hii yote nilidhani nasoma ili nijue.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimeshusha kila kilichorudi kutoka kwenye rafu, nikakifungia chumba cha nyuma. Kilichobaki mbele ni mpya tu, kidogo tulicholetewa wiki hii na lori kutoka Kampala, hakijazi hata rafu moja. Mama Marcelline alikaa kwenye kiti chake akinitazama kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila kunisaidia wala kunizuia.

Nilipomaliza alisema, "Ukichoma zile, mimi nafunga. Sina nguvu ya kuanza tena. Na wewe utafute famasi yenye itatosha masomo yako."

Ana ufunguo wa chumba cha nyuma. Ningekuwa yeye, ningefungua.

Jumatatu, 7 Aprili

Hakufungua. Hanisemeshi pia.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua ya mawe. Hanisemeshi.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Kanisani alikaa safu ya mbele yangu. Wakati wa kupeana amani alimpa kila mtu pande zote, mpaka mwanakwaya, akaniruka. Nilitaka kucheka nikashindwa.

Jumatano, 16 Aprili

Nimemwambia Papa Damascène. Niliona ni lazima aisikie kwangu kabla haijamfikia kwa njia ya kichochoro, ambako mambo hufika yakiwa yameota pembe. Nilimkuta anachomelea dirisha. Alizima moto, akapandisha miwani.

Nilimweleza habari ya joto na bati. Nilisema tutazichoma zote, zake na za wengine. Sikumtaja Dorine. Kama ningemtaja, ningetoka pale nikiwa msafi, na ndiyo sababu sikumtaja.

Alikaa juu ya kichuma. Akauliza polepole, "Unasema dawa yenye nilificha njo ilitaka kuua mutoto wangu?"

"Sijui, Papa."

"Unasema ndiyo ao hapana?"

"Nasema sijui. Hakuna mtu anaweza kujua."

"Sasa unasomaka nini kule?"

Alitazama mikono yake, nyuma na mbele.

"Balipita hapa na bunduki, Docta. Balisimama kwenye umesimama. Niliwaambia hakuna kitu mu nyumba, na katoni iko juu ya kichwa yao. Dorine alikuwa anatetemeka mpaka sahani inalia. Basi nilificha nini?"

Nikasema ulificha dawa. Akasema, lakini unaichoma. Nikasema ndiyo. Akateremsha miwani akawasha moto, na huwezi kuongea na mtu aliyewasha ule moto, huwezi hata kumtazama. Nimeondoka.

Jumamosi, 19 Aprili

Mama Kahindo amekataa kuniuzia makala. Alisema yameisha, na yeye amekalia gunia.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Kaka yangu ananiambia niache famasi, nimalize masomo, nitafute kazi kwenye shirika huku Himbi ambako dawa zinalala kwenye baridi na hakuna jirani. Naona ana haki. Lakini nikijaribu kujiona kule, najiona nimekaa tu.

Jumatatu, 28 Aprili

Hospitali imekubali nitumie tanuru lao la kuchomea Jumamosi. Kichochoro kizima kimejua kabla sijafika nyumbani. Na nimesikia pia kinachosemwa: kwamba sichomi kitu, kwamba nimeshapata mnunuzi ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, na hospitali ni njia yangu ya kupitishia. Nimeambiwa hivyo usoni na Muzee Kasereka, kwa upole, kama anayeniuliza hali ya mama yangu.

Nimelia kwa hasira. Halafu nikafikiri: wakati wao wamekaa na katoni zangu, mimi niliwaza nini juu yao?

Ijumaa, 2 Mei

Pikipiki ya magurudumu matatu niliyoikodi kwa ajili ya kesho imekataa. Dereva ni mpwa wa Mama Kahindo.

Jumamosi, 3 Mei

Nilifika famasi mapema, mvua ikinyesha ile nyembamba isiyoisha, nikitafuta namna ya kubeba. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Mama Marcelline alikuwa ndani, na nje, kwenye baraza, walikuwa wamesimama Papa Damascène, Dorine na Ange mgongoni, Muzee Kasereka na mkewe, Mama Kahindo, na wengine wa kichochoro.

"Tunaenda kuona na macho," alisema Papa Damascène. Hakunisalimia. "Kila mutu anabeba yake."

Wakabeba. Kila mmoja aliijua katoni yake, hata zile ambazo nilikuwa nimezichanganya. Mama Kahindo alizichambua za kwake kutoka katoni yangu kwa kuzinusa maharage. Mama Marcelline aliweka kitambaa kichwani, akafunga duka kwa kufuli, akaja nyuma kabisa. Tulitembea mstari mmoja kando ya barabara, tukikwepa madimbwi, na watu wa Birere wakatupisha, wanaume wengine wakavua kofia wakidhani ni msiba. Hakuna aliyewasahihisha.

Tanuru liko nyuma ya hospitali, kwenye mawe ya volkano, na mlango wake wa chuma umekaa upande. Papa Damascène aliuangalia, akaugusa bawaba, akasema aliyeuchomelea alikuwa na haraka. Mtu wa hospitali alifungua. Nilianza kueleza utaratibu, naye Papa Damascène akanikata.

"Soma kwanza. Kila moja ni ya nini."

Nikasoma. Nilichukua kila katoni kutoka mikononi mwa aliyeileta, nikataja dawa na ugonjwa wake, kisha mwenyewe akaitupa motoni. Hii ni ya presha. Hii ni ya kifafa. Hii ni ya minyoo ya watoto. Mke wa Muzee Kasereka aliposikia kwamba alizoanika na mihogo zilikuwa za kuzuia mama asitokwe damu baada ya kuzaa, alifunga mdomo kwa mkono, akasema, mimi nilizaa tisa, na akaziachia. Vichupa vilipasuka ndani, kimoja kimoja. Moshi ulikuwa na harufu ya plastiki na mayai, tukarudi nyuma, tukasogea tena. Waliokuja kuhakikisha sasa walikuwa wanauliza: hii inafanyaka kazi namna gani mu mwili, na hii inaharibikaka juu ya nini. Niliwajibu nilichokijua.

Ya mwisho ilikuwa ya Papa Damascène. "Hii ni ya malaria," nilisema. "Ya watoto." Aliishika muda mrefu. Dorine alitazama chini. Akapiga hatua mbele, nikajua anataka kusema habari ya nusu, pale pale, mbele ya wote. Nikatikisa kichwa. Hata kama angesema, nisingejua zaidi. Papa Damascène aliitupa, akafunga mlango kwa teke, ukakataa kufunga, akautia bega.

Tukasimama pale hata baada ya kumaliza. Hakuna aliyekuwa na la kufanya na mikono yake.

Ndipo akaniuliza, bila ukali wowote. Aliuliza kama mtu anayeulizia njia.

"Docta. Kama vita inarudi, tufiche ao tuache?"

Najua Profesa Birindwa angejibu nini. Najua kaka yangu angejibu nini. Mimi nilitazama lile tanuru na nikaona mtaji wote wa mwanamke mmoja unatoka na moshi kwenye bomba, na nikatazama wale watu walioloa, na jibu likatoka kabla sijalipima.

"Mufiche," nilisema. "Lakini hapana juu, chini ya bati. Hapana kwenye tangi. Na musitoe kwenye boksi. Chini ya kitanda, mbali na ukuta wa jua, juu ya matofali ili maji yasifike. Na niwe najua kila moja iko kwa nani."

"Na kama imeloana?" aliuliza mke wa Muzee Kasereka.

"Usianike, Mama. Uniite."

Wakaanza kubishana. Mama Kahindo alisema nyumba yake ndiyo yenye baridi kuliko zote kwa sababu ya ukuta wa mawe. Muzee Kasereka alisema ya kwake ina sakafu ya saruji. Mtu akasema ya Papa Damascène isihesabiwe kabisa, ina joto la mashine, naye akakubali akisema ataweka za kupaka tu. Nikauliza za kupaka zikiyeyuka itakuwaje, akasema basi bandeji. Walibishana kama watu wanaogawana wageni wa harusi, na mimi nilizunguka katikati yao nikisema hapana, ndiyo, hapana, inategemea, sijui. Nilisema sijui mara nyingi. Walizoea.

Nyuma yao, chini ya mchirizi wa paa la hospitali, Mama Marcelline alikuwa amesimama na mikono kifuani. Tangu Aprili mwanzoni sauti yake imenipita kama sipo. Alinyoosha kidole kuelekea kwangu, na wote wakageuka.

"Na zile za frigo?" aliuliza.

Nilimwambia za friji ni shida kubwa, umeme ukikatika hakuna nyumba inayotosha, hata yenye mawe.

"Basi fikiria mbio," alisema. "Sababu mwezi huu naagiza insulini."

Nikasema nitafikiria. Sijui bado.